Mdogo Wangu Anataka Kifuta Machozi Chake

Shikamoo dada Tusajigwe. Sijui kati yetu nani mkubwa, lakini mwenye shida leo ni mie, kwa hiyo shikamoo. Naomba unishike mkono haraka, maana sendofu ya binti yangu ni Jumamosi ya wiki ijayo na mie tangu juzi chakula hakipiti, usingizi hauji, na kuna kitu nimekificha chini ya kitanda ambacho hata mume wangu hajui, nitakwambia mbele, nikikuambia sasa hivi utaacha kusoma.

Mie ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Mbagala na mume wangu Fransis, yeye ni seremala, mie napika chakula cha mchana kwa mafundi wa gereji. Kwetu ni Mbinga lakini huku tumekaa mpaka tumekuwa wa huku. Tuna mtoto mmoja tu, Flaviana, ana miaka ishirini na nne, anauza duka la dawa kule Ubungo, na amepata mchumba mzuri anaitwa Elibariki, kijana wa kanisani, hana makuu. Sasa hapo niliposema tuna mtoto ndipo kesi yenyewe ilipo.

Mimba yangu ya tatu ilifika miezi minane. Zile mbili za kwanza ziliharibika mapema, hii ikafika, nikasafiri kwenda kujifungulia kwa mama kama tulivyozoea, mtoto akazaliwa hapumui, na mie siku hiyo hiyo nikatolewa kizazi ili nisife. Tukazika. Dada, nikwambie kitu sijawahi kumwambia mtu, maziwa yalikuja. Mtoto hayupo na maziwa yanakuja, blauzi inaloa mbele ya watu waliokuja kunipa pole, nikawa najifunga kanga mbili kifuani na bado yanapita.

Mdogo wangu Eufrazia naye alikuwa pale nyumbani, ana miaka ishirini, amejifungua mtoto wa kike miezi minne nyuma, aliyempa mimba alishahama na mpaka leo hatujui aliko, na chuo cha ualimu kilikuwa kimeshamwita. Kwetu ndugu kumpa ndugu mtoto si jambo la ajabu, nakuambia hili ili usitushangae. Siku ya kuanua matanga, wazee wote wakiwepo, mama yetu akamtoa yule mtoto mgongoni kwa Eufrazia, akaja akamweka mapajani kwangu, akasema, "Editha, hiki ni kifuta machozi chako. Nyamaza sasa." Mtoto akatafuta ziwa mwenyewe, akanyonya. Nikanyamaza. Eufrazia alisimama mlangoni, hakusema ndiyo wala hapana, na mie sikumuuliza.

Huyo mtoto ndiye Flaviana. Nikarudi naye Dar, shuleni tukamwandikisha kwa majina yetu, majirani wanajua ni wangu, naye anajua ni wangu. Eufrazia anamwita mama mdogo, kama mtoto yeyote anavyomwita mdogo wa mama yake. Alimaliza chuo, akawa mwalimu, akaolewa na shemeji Didas, wanaishi Kawe, wana watoto wa kiume watatu. Hatujawahi kugombana. Kila Krismasi alimletea Flaviana gauni, na gauni halikukosea kipimo hata mwaka mmoja, mpaka Fransis akawa anatania kwamba mwalimu anapima watoto kwa macho. Ile siri tulikuwa tunaijua watu wanne tu hapa mjini, na mama yetu aliyelipanga jambo hili alifariki miaka mitatu iliyopita.

Sasa Jumapili iliyopita Eufrazia alikuja kunywa chai, Flaviana yuko kazini, nikamwonyesha ratiba ya sendofu ambayo kamati imechapisha. Akaisoma kama anasahihisha mtihani. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Dada, hapa mmeandika mama mzazi kumkabidhi binti."

"Ndiyo."

"Mama mzazi yupi?"

Nikacheka, nikadhani ananitania. "Eufra, usinianze, nina wageni jioni."

"Sijaanza leo. Nimenyamaza kwenye komunyo ya kwanza, nimenyamaza kwenye kipaimara, nimenyamaza kwenye mahafali." Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. "Mie sikukupa mtoto, dada. Ulipewa kifuta machozi. Miaka ishirini na nne unafutwa tu, bado hayajakauka?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema, "Pale shuleni kwetu siku ya michezo, wanaoshika mkia tunawapa daftari la kifuta machozi, wasilie njiani. Hatuwapi kombe. Na hakuna hata mmoja anayepanda jukwaani na daftari lake akasema mie ndiye niliyeshinda."

Dada Tusajigwe, iliniuma, na mdomo wangu ukaenda mwenyewe. Nikamwambia, "Na we uliyemtupa mtoto ukakimbilia chuo, siku hiyo ulikuwa wa ngapi?"

Akakiweka kikombe chini taratibu. Akasema, "Siku ya sendofu mshereheshaji akiita mama mzazi, tutasimama wawili. Tuone nani atakaa." Akatoka, hata Fransis hakumuaga, na Fransis alikuwa pale pale uani anapiga randa.

Nilipomwambia Fransis, akasema hilo ni la nyie dada wawili, akaendelea na mbao zake.

Mtoto hajui lolote, hilo nina uhakika nalo, tena siku hizi ananipenda kupita kiasi, na mambo ya harusi kayabeba mwenyewe yote. Hata cheti kipya cha ubatizo alichotaka paroko kakihangaikia mwenyewe mwanzoni mwa mwezi huu, alipiga simu parokia ya kwetu Mbinga, maana alibatizwa kule akiwa na miezi miwili, kabla sijapewa, wakakitoa kwenye kitabu chao wakakituma kwa basi, akakifuata mwenyewe stendi ya Mbezi, mie magoti yananisumbua nikashukuru sana. Lesi ya gauni langu kainunua mwenyewe Kariakoo, zambarau nzuri, na kampelekea mwenyewe fundi wetu Twaha, ambaye ana vipimo vya ukoo wetu mzima kwenye daftari lake. Kinachonishangaza ni maswali ya kitoto tu, mwezi huu kaniuliza mara mbili, "Mama, mie nilipozaliwa nililia sana?" Mara ya kwanza nikamjibu ulilia mpaka nesi akaziba masikio. Mara ya pili nikamwambia hebu nipishe, vitunguu vinaungua. Akatabasamu, akapisha.

Juzi Jumanne ndipo nilipoharibikiwa. Nilikwenda kwa Twaha kujaribu gauni. Nakuta limening'inia, zuri, limebanwa kikaratasi kwa pini kimeandikwa MAMA. Pembeni yake linaning'inia lingine, lesi ile ile, mshono ule ule, shingo ile ile. Kikaratasi chake kimeandikwa MAMA MDOGO, KAWE.

Nikamuuliza Twaha hii nini. Akasema, "Mama, mie nimeambiwa tu yafanane mpaka vifungo." Damu ikanipanda kichwani, nikaelewa kila kitu, kumbe Eufrazia keshamzunguka fundi wangu, kanunua lesi kama yangu, ili Jumamosi tusimame wawili sare kabisa na ukumbi mzima ushike mdomo. Sikumuuliza zaidi. Nikasema, "Hilo la Kawe nipe, nampelekea mwenyewe." Akanifungia vizuri, masikini, akaniamini. Sikulipeleka. Lipo chini ya kitanda changu ndani ya kiroba cha unga, na kila nikipita chumbani naona kama linapumua.

Dada, mie si mwizi. Sijawahi kuchukua hata kijiko cha mtu. Lakini naogopa. Naogopa Jumamosi nitaingia ukumbini nikiwa mama nitoke nikiwa mama mkubwa. Naomba unijibu, kifuta machozi kikishatolewa kinaweza kudaiwa? Na je, nikiwaomba vijana wa kamati wamzuie Eufrazia mlangoni, nitakuwa nimekosea? Maana naona ndiyo njia iliyobaki. Tafadhali badilisha majina.

Mama wa Bi Harusi, Mbagala

TUSAJIGWE ANAJIBU

Marahaba, mama wa bi harusi, ingawa kwa hesabu yangu tunalingana na ungeweza kunisalimia habari tu. Majina yako yote nimeyabadilisha, mtaa nao, na rangi ya lesi. Hata hivyo usijidanganye, fundi akisoma atajijua, na binti anayekaa duka la dawa kutwa nzima hakosi gazeti. Hili linatoka Jumatano na sherehe ni Jumamosi hii. Kwa hiyo ukimaliza kusoma usikunje ukaweka mezani, inuka.

Tuanze na kiroba. Una miaka hamsini na mbili na umeiba gauni. Umemdanganya fundi aliyekuamini, umeficha lesi kwenye unga, halafu unaniandikia kwamba wewe si mwizi. Mama, nakuheshimu, lakini hapo umejishusha. Na hao vijana wa mlangoni ukithubutu kuwatuma wamzuie mwalimu wa watu mbele ya kadamnasi, usiniandikie tena, maana huko utakuwa umefika peke yako na utarudi peke yako.

Sasa umeniuliza swali, na swali lako ni la haki. Kifuta machozi ni nini, na kinadaiwa?

Nikiwa darasa la nne kule Tukuyu nilishindana kukimbia ndani ya gunia. Tulikuwa saba, nikawa wa saba. Aliyeshinda alipewa fulana. Mie mwalimu mkuu aliniona naanza kukunja uso akanipa bakuli la plastiki la njano, akasema kifuta machozi hicho, nenda nalo. Fulana ya yule mwenzangu ilichanika kabla ya Pasaka. Bakuli langu mama aliwekea chumvi mpaka nimeolewa. Na katika miaka yote hiyo hakuna mwalimu aliyekuja nyumbani kusema, umeshanyamaza, lete bakuli. Ndiyo maana yake hiyo. Ni kitu anachopewa aliyekosa ili asirudi mikono mitupu. Hakilingani na alichokikosa, na anayekipokea anajua hivyo. Lakini kikishatoka kimetoka, ni chake, hakuna wa kukidai.

Kwa hiyo kama Flaviana angekuwa bakuli, mdogo wako hana kesi, na barua yangu ingeishia hapa. Bahati mbaya Flaviana si bakuli. Neno hili mmelibeba nyote vibaya, tangu marehemu mama yenu mpaka mwalimu wa Kawe na daftari zake za siku ya michezo. Zawadi huitoa mwenye nayo. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikuona unaloa blauzi akatafuta la kufanya, na moyo wake naukubali, lakini alichotoa hakikuwa chake. Mwenye nacho alikuwa amesimama mlangoni, ana miaka ishirini, hakuulizwa. Umeandika mwenyewe, "na mie sikumuuliza." Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Asubuhi ya siku ile pale nyumbani kulikuwa na mwanamke mmoja aliyepoteza mtoto. Jioni walikuwa wawili. Wewe ulifutwa machozi. Ya mwenzako aliyafuta nani, chuo cha ualimu?

Halafu ukamwambia alimtupa mtoto. Mtu aliyeleta gauni kila Krismasi bila kukosea kipimo, kwa mtoto ambaye hakai naye, unamwambia alitupa. Hilo neno utakwenda kulifuta wewe, kwa mdomo huo huo uliolitoa.

Usidhani nakuonea. Nakuonea huruma tena sana, na mwalimu naye kwenye lile la kushika mkia amekosea vibaya. Yule mtoto alipotafuta ziwa siku ile hakuwa anamfuta mtu machozi. Alikuwa na njaa, na aliyemshibisha ni wewe. Homa zake umeuguza wewe, shule umempeleka wewe kwa vyungu vya gereji. Hayo hayaitwi kifuta machozi popote. Tatizo lako ni kwamba wewe mwenyewe umeamini hilo jina kwa miaka ishirini na nne. Umekaa na mwanao kama mtu aliyeokota kitu njiani, kila akisikia hatua nyuma anadhani mwenyewe kaja. Ndiyo maana ukadanganya. Ndiyo maana ukaiba.

Sasa nataka utulie, kaa kabisa, maana nimeisoma barua yako zaidi ya ulivyoiandika.

Umesema mtoto alibatizwa Mbinga akiwa na miezi miwili. Ulipewa akiwa na miezi minne. Hebu niambie, siku ya ubatizo aliyembeba mtoto kanisani ni nani? Na katekista alipouliza jina la mama, aliandika la nani? Kitabu cha parokia hakijui siri zenu, mama. Shuleni mlibadilisha, kule hamkufika. Mwezi huu cheti kimenakiliwa kutoka kitabu kile kile, kikatumwa kwa basi, na aliyekipokea stendi na kukifungua ni Flaviana. Wewe ulikuwa nyumbani unashukuru kwa sababu ya magoti.

Baada ya hapo ndipo akaanza kukuuliza alipozaliwa alilia sana. Unaita maswali ya kitoto. Mtu mzima wa miaka ishirini na nne anayejiandaa kuolewa hana shida na kilio cha uchanga wake. Alikuwa anakufungulia mlango uingie mwenyewe. Mara ya kwanza ukamtungia nesi aliyeziba masikio. Mara ya pili ukamtanguliza vitunguu. Naye akatabasamu, akapisha. Nilipofika hapo, nakwambia kweli, niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Turudi kwa fundi. Lesi ilinunuliwa na nani? Na Flaviana. Ilipelekwa na nani? Na Flaviana. Vipimo vya mdogo wako Twaha anavyo daftarini. Kile kikaratasi kimeandikwa mama mdogo. Fikiri, mama, acha hasira ufikiri. Eufrazia aliyetoka kwako akidai yeye ndiye mama mzazi, angekwenda kwa fundi akaandikisha gauni lake kwa jina la mama mdogo? Duniani nani anamwita Eufrazia mama mdogo? Ni mmoja tu. Na ndiye aliyesema yafanane mpaka vifungo. Nadhani mdogo wako hata hajui kwamba ana gauni. Alikuwa ashonewe kimya kimya, avishwe siku hiyo, na wewe umeibeba zawadi ya mwanao ukaifukia kwenye unga.

Siwezi kukuapia, mie nasoma karatasi tu. Twaha yupo, mpigie umuulize nani alileta kitambaa. Lakini nikikosea nitakununulia chai.

Uliandika unaogopa kuingia mama na kutoka mama mkubwa. Kiangalie kikaratasi cha gauni lako. Binti ameshaujua ukweli, ameulala nao, ameamka nao, hakuna anayemlazimisha, akaenda kwa fundi akataja majina mawili yaandikwe. Kwako alitaja lipi? Cheo chako kimeshasemwa, mama, na kilisemwa na mtu pekee mwenye haki ya kukisema. Hakukupunguzia kitu. Alichofanya ni kumwongezea mwenzako gauni.

Kwa hiyo sikiliza utakavyofanya, na ufanye leo, usinisubirishie Ijumaa usiku wakati watu wanapamba ukumbi.

Litoe gauni kwenye kiroba. Kung'uta unga wote, lipige pasi kwa kitambaa juu maana lesi inaungua upesi. Lipeleke Kawe kwa mkono wako, usimtume mtu. Mdogo wako akifungua usianze na sendofu wala ratiba. Anza na siku ile ya matanga. Mwambie, "Eufra, siku ile sikukuuliza. Nilikuona mlangoni nikageuza uso kwa sababu niliogopa ungesema hapana." Si ndivyo ilivyokuwa? Mie nadhani ndivyo. Halafu omba msamaha kwa lile neno la kutupa, na umpe gauni lake umwambie limetoka kwa nani. Akilia mwache alie, hajawahi kupewa nafasi. Akikufokea mwache afoke, usijibu hata kimoja, safari hii uwe wewe wa kusimama mlangoni kimya.

Ratiba mpigieni mwenyekiti wa kamati, mstari ule waandike mama zake binti watamkabidhi. Ni maneno machache tu, na anayetaka kushangaa ashangae akila pilau. Na mzee Fransis aliyesema hilo ni la nyie dada wawili, mwambie nimesema aache randa, avae shati, aje akae kwenye kiti. Mtoto anatumia jina lake yeye, hilo si la dada wawili peke yao.

Kisha jioni, Flaviana akirudi kutoka Ubungo, akute mmekaa wote wawili sebuleni. Usimwite kama mtu anayekwenda kufichua siri, kwake si siri tena, na usimpe hotuba. Ameshakuuliza swali mara mbili na hujamjibu. Mjibu sasa. Mwambie, "Mwanangu, uliniuliza ulipozaliwa ulilia sana. Mie sijui, sikuwepo." Halafu mgeukie mdogo wako, mwachie nafasi, na unyamaze.